Hankachifu Iliyopigiliwa Ukutani

Mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na saba. Usicheke, wewe unayesoma hapa. Nimeitumikia maabara hii miaka miwili na muhula mmoja, na juzi Madam Nafula aliniita akasema mtu mwenye mtihani mbele yake hawezi pia kuwa mwangalizi wa hamira. Kazi ikaisha hivyo, bila soda wala hotuba. Pensheni yangu ni kurasa sita zilizobaki nyuma ya daftari hili, pamoja na amri: "Omoding, waandikie wanaokuja. Waandikie unachojua, si ulichokariri. Na upunguze ujinga."

Nimepunguza. Huu uliobaki ni wa lazima.

Kama umetoka Bumala au Khunyangu na hujawahi kuingia maabara, usiogope. Ni chumba kimoja tu, kati ya karakana ya maseremala na jiko la chuo. Wazazi walikijenga kwa kuchangishana, ndiyo maana dirisha moja ni la bluu na lingine ni la kijani: kila kijiji kilileta rangi yake. Humu tunapanda vijidudu. Mama yako anapanda wimbi shambani, sisi tunapanda hamira kwenye sahani ya kioo yenye jeli. Tofauti ni mbili. Mbegu yako huioni, na magugu yako yanaingia yenyewe kupitia hewa, mate, nywele na vidole vyako vitamu. Kazi yote ya maabara ni kuzuia magugu. Ukielewa hilo unaweza kuruka kurasa zangu zote uende ukale. Lakini utakosa mambo.

Tuanze na sufuria ya mvuke. Ile kubwa, yenye kifuniko cha kufungwa kwa vyuma na filimbi juu. Mpishi wa chuo akiiona hutamani kuichemshia maharagwe. Mkatalie kwa heshima, maana ndiye anayekupakulia chakula. Sufuria ile ni ya kupikia sahani na jeli mpaka kisibaki ndani kitu chenye uhai. Filimbi ikianza kulia, hesabu dakika kumi na tano. Za saa, si za mtu mwenye njaa. Kisha ondoa jiko la makaa, kaa chini, subiri inyamaze yenyewe.

Mimi sikusubiri. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini, nimevaa suruali mpya ya bugaluu, pana miguuni, na nilitaka kumaliza upesi nikaonekane stendi ya Malaba kabla jua halijapungua. Nikaifungua bado inanung'unika. Sasa inua macho, tazama dari juu ya meza ya pili. Unaliona lile doa la rangi ya uji, lenye umbo kama Ziwa Viktoria? Hiyo ilikuwa jeli ya muhula mzima. Kifuniko kilipita karibu na sikio langu kikaenda kubisha mlango kwa ndani.

Madam Nafula alikuja. Akatazama dari. Akanitazama mimi.

"Umeumia?"

"Hapana, Madam."

"Na nywele?"

Wakati huo nilikuwa na nywele za kuwatosha watu wawili. Nikazishika. Zilikuwa na jeli mpaka kisogoni.

"Zikianza kuota kitu utaniita nije niandike," akasema, akarudi kusahihisha madaftari.

Ndivyo alivyo, umzoee. Alifanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya kiwanda cha maziwa kabla ya kurudi huku kwao Samia, na huko alijifunza kutopiga kelele. Kelele, anasema, inarusha mate, na mate ni shamba zima. Ana msemo mmoja ambao utausikia mpaka uuote: "Sahani haijui mtu." Maana yake, sahani haitajali kama wewe ni mtoto wa chifu au wa muuza ndizi. Ulichogusa kitaota. Ulichosahau kitaota zaidi.

Waya je? Ule waya mwembamba wenye kitanzi, tunaochotea hamira kutoka sahani moja kwenda nyingine. Uweke kwenye moto wa taa ya spiriti mpaka uwe mwekundu, ndipo uchote. Barasa, ambaye ni rafiki yangu na ndiyo maana naruhusiwa kumsema, alifuata maagizo haya kama askari. Akauchoma waya, akauingiza kwenye hamira ukiwa bado mwekundu. Tssss. Akafanya hivyo wiki mbili. Kila alichopanda hakikuota, na akaanza kusambaza habari kwamba hamira ya chuo imerogwa na watu wa chuo kingine.

"Haikurogwa," nikamwambia. "Unaichoma. Wewe ni mazishi yanayotembea."

"Sasa nifanye nini?"

"Ngoja ipoe."

Akangoja? Barasa? Alifanya kile ambacho mimi, wewe, na kila mtu aliyelelewa kwa chai ya moto hapa Busia angefanya. Akaupuliza. Fuu, fuu, kama anapoza kikombe. Sasa hamira ikaota vizuri kabisa, pamoja na kila kitu kilichokuwa kikiishi kinywani mwa Barasa. Madam alipoiona ile sahani aliinama akasema tu, "Barasa, leo umekula omena." Mpaka leo hatujui alijuaje. Basi: choma, hesabu mpaka kumi na tano kimoyomoyo, chota. Usipulize. Mdomo ufunge, hata kama una utani mzuri. Mimi nimepoteza utani mwingi mzuri kwenye chumba hiki kwa ajili ya sayansi.

Mambo mengine nayaweka hapa kabla sijasahau. Sahani zilale kifudifudi, la sivyo matone ya kifuniko yatazinyeshea. Sanduku la joto liko kwenye ukuta unaopakana na jiko, upande wa kushoto. Upande wa kulia ni moto mno, hamira inalala usingizi usioamka. Jina la sahani liandike kwenye plasta, ubandike chini, si kwenye kifuniko, maana vifuniko vinabadilishana wenyeji kama wapangaji. Spiriti ni ya taa na ya kupangusia meza na mikono. Ukiona imepungua jioni na mlinzi anaimba, mwambie Madam, usimwambie mlinzi.

Sasa nije kwenye hankachifu.

Umeiona. Imepigiliwa msumari pembeni mwa mlango, nyeupe yenye mistari ya bluu na herufi O iliyodariziwa na dada yangu. Watakuambia hadithi nyingi kuihusu, hasa Barasa. Ya kweli ni hii.

Huku kwetu, uwe Mteso wa Amukura au Mmarachi wa Butula, mgeni akiingia unampa mkono. Hupungi kama mtu anayesimamisha lori. Unatoa mkono wote, na kama ni mkubwa wako unaushikilia kwa mwingine, unainama kidogo. Tumekuwa hivyo tangu kabla ya maabara kuzaliwa. Basi mwaka jana sahani zetu zikaanza kuharibika. Si kila siku. Wiki nzima zinatoka safi, nyeupe, hamira imejipanga kama meno ya mtoto. Kisha ghafla siku moja zote zina madoa ya manjano na ukungu wa kijani. Madam alinipa daftari. "Andika kila siku kilichotokea humu ndani. Kila kitu."

Niliandika. Mvua. Jiko lilifuka moshi. Barasa alipiga chafya. Baada ya wiki tano nikasoma tena na nikaona jambo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu. Siku zote zilizoharibika zilikuwa siku za wageni. Mzazi ameleta karo, mama ameleta mahindi ya jiko, mjomba wa mtu amepita akitoka ng'ambo ya mpaka. Wanachungulia maabara, nasi wote tumeshanawa kwa sabuni na spiriti, tunasimama kwa adabu, tunawapa mikono. Kisha tunarudi mezani na adabu zetu zote vidoleni.

Huwezi kumwambia mzazi asikupe mkono. Hapo ndipo mimi, Omoding, nikapata wazo ambalo nilijisifia mwezi mzima. Mtu akiwa anaosha vyombo au ametoka kulima, si anakupa kifundo cha mkono? Anakunja ngumi, anainamisha, wewe unakishika kifundo, mmesalimiana na hakuna aliyechafuka. Kila mtu anaelewa: mkono wangu ni mchafu, sitaki kukuchafua. Nikasema, na sisi tutoe vifundo.

"Lakini yetu ni safi," Barasa akasema.

"Mgeni hajui."

Ikafanya kazi. Wazazi walishika vifundo vyetu wakasema "poleni na kazi," sahani zikarudi kuwa nyeupe, na mimi nikaanza kutembea kama mtu aliyevumbua gurudumu. Mpaka alipokuja Mzee Shabani.

Mzee Shabani ni mwenyekiti wa kamati ya chuo. Ana duka Busia mjini na nyuma ya duka tanuri la mikate. Babu yake alikuwa Mnubi, bibi yake alitoka Samia, na yeye anaongea Kiteso kunishinda. Siku zile kamati ilikuwa imegawanyika. Cherehani nane za darasa la ushonaji zilikuwa zimekaa kwenye ukumbi zikinyeshewa kila paa linapovuja, na watu walikuwa wakiuliza, kwa haki kabisa, kwa nini chumba kizuri chenye dari na meza kimepewa watoto wanaofuga uchafu kwenye vioo. Kamati ingekaa Ijumaa. Mzee Shabani, kwa kuwa ni mtu wa hamira, ndiye aliyetumwa Jumatatu aje atazame, kisha aseme: maabara ibaki au cherehani ziingie. Madam Nafula alituambia hivyo asubuhi, kwa sauti ileile anayotangazia jaribio la hesabu. Kisha akaongeza, "Chumba kikienda, mimi pia nitaenda. Siwezi kufundisha kazi hii ubaoni."

Sasa fikiria. Saa kumi inakaribia. Nina sahani mbili wazi mbele yangu, taa ya spiriti inawaka, waya mkononi. Mzee anaingia, kanzu imekunjwa mikono mpaka juu ya viwiko, ndevu zimelowa, maji yanamdondoka. Mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilikuwa nahesabu mpaka kumi na tano.

"Vijana, hamjambo."

"Hatujambo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Akaninyooshea mkono.

Na mimi, kwa ustadi wangu wote, nikakunja ngumi nikampa kifundo.

Hakukishika. Mkono wake ulibaki hewani. Nyuma yangu nilisikia Barasa akiacha kupumua.

"Umetoka shambani?" Mzee akauliza.

"Hapana, mzee."

"Unaosha masufuria?"

"Hapana, mzee. Mikono yangu ni safi kabisa."

Mara tu lilipotoka nikajua. Hakuna namna ya kulirudisha neno kama hilo.

"Ahaa," akasema taratibu. "Yako ni safi. Kwa hivyo michafu ni yangu." Akageukia mlango ambapo Madam alikuwa amesimama. "Mwalimu, nimetoka hapo kwenye tangi lenu kutia udhu. Naenda kusali alasiri. Nikasema nipite niwape watoto salamu kwanza. Na mtoto wa Malaba ananipa kifundo, kama mimi ndiye nimetoka kuchuna ngozi ya ng'ombe."

Ningeweza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeufungulia mdomo. Lakini kinywa changu, mnakijua, hakijawahi kupita njia fupi.

"Mzee, usinisikilize mimi. Tuiulize sahani."

"Omoding," Madam akasema.

"Sahani haijui mtu, Madam. Si ni wewe unayesema?"

Nikachukua sahani mbili mpya za jeli. Nikamwambia Mzee abonyeze vidole vyake vinne kwenye moja, mimi nibonyeze vyangu kwenye nyingine, zikae kwenye joto, na Ijumaa mbele ya kamati yote tuone nani ametoka shambani. Mzee aliitazama jeli kwa muda mrefu, mikono yake akiipepea polepole ikauke.

"Hii ni ya mnyama gani?"

"Si mnyama, mzee," Madam akajibu. "Ni mwani wa baharini na maji ya viazi."

Akabonyeza. Vidole vinne, imara, kama anayeweka sahihi kwenye hati ya shamba. Mimi nikaenda kwenye beseni, nikanawa kwa sabuni mpaka viwikoni kwa mbwembwe, nikitaka aone jinsi sisi wataalamu tunavyonawa. Kisha nikachomoa hankachifu yangu mfukoni. Ilikuwa imepigwa pasi, imekunjwa pembe nne. Nikajifuta kidole kwa kidole, taratibu, kama daktari wa Nairobi. Nikabonyeza. Tukaandika majina kwenye plasta, SHABANI na OMODING, tukabandika chini. Mzee akaenda kusali bila kunipa hata kifundo.

"Umecheza kamari na chumba changu," Madam aliniambia mzee alipoondoka. Hicho tu. Afadhali angepiga kelele.

Jumanne usiku nililala kama mfalme. Jumatano pia. Alhamisi asubuhi mimi na Barasa tulitoa sahani kwenye sanduku la joto.

Ya Mzee Shabani ilikuwa na vidoa vitatu vidogo. Vitatu. Ungeweza kuviweka kwenye ukucha.

Ya kwangu, ndugu yangu, ilikuwa bustani. Alama nne za vidole zilizoota manjano, nyeupe, rangi ya chungwa, na katikati kijisitu cha ukungu chenye manyoya.

Barasa aliitazama kwa heshima. "Hapa unaweza kulisha mbuzi."

"Nyamaza."

"Profesa, ulikuwa unanawa na nini, supu?" Kisha akaacha kucheka, kwa sababu na yeye alikumbuka Ijumaa. Akafunga mlango. Akashusha sauti. "Sikiliza. Hizi ni plasta tu. Zinabanduka. Tunatoa hii tunaweka kule. Dakika moja."

Sitawadanganya, nilishika kona ya plasta. Niliibandua mpaka herufi ya kwanza. Hesabu ilikuwa rahisi: sahani hizi zikionekana zilivyo, kamati itasema hawa watoto hawajui hata kunawa, na mwenyekiti wetu wamemtukana bure, leteni cherehani. Zikibadilishwa, mimi ni profesa, chumba kinabaki, Madam anabaki. Na ni nani angejua?

Lakini niliona tena ile mikono ya kanzu iliyokunjwa na maji yakidondoka kwenye viwiko. Mzee alikuwa ameniambia ukweli kuhusu mikono yake, mbele ya watu, na sahani ilikuwa imemuunga mkono. Ningebandika jina lake kwenye bustani yangu, akiwa ametoka kwenye udhu, na akaiona mbele ya wenzake? Na kitu kingine kilinikera zaidi, nakiri, kuliko hata uongo. Nilikuwa nimenawa. Nilinawa kwa sabuni, yeye kwa maji matupu. Haya yote yametoka wapi?

Nikairudisha plasta, nikaisugua kwa kidole gumba.

"Wewe ni mjinga," Barasa akasema.

"Kweli. Lakini nilinawa, Barasa. Umeniona nikinawa. Baada ya pale niligusa nini?"

Akafikiri. Akanitazama mfukoni.

Ilikuwa bado mle. Hankachifu ya dada yangu, imepigwa pasi, imekunjwa pembe nne, na tangu Jumapili iliyotangulia ilikuwa imefuta jasho, pua, sahani ya mandazi, na kiatu kimoja cha raizoni, cha soli ndefu. Pasi iliilainisha tu, haikuifua. Nikachukua sahani ya tatu, nikaibonyeza kona ya hankachifu kwenye jeli, nikaandika kwenye plasta: HANKACHIFU. Nikaiweka kwenye joto karibu kabisa na ukuta wa jiko, na usiku huo sikulala kama mfalme.

Kisha nikaenda kumwambia Madam yote, pamoja na ile herufi moja niliyobandua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kesho utazishika wewe," akasema. "Mimi nitakaa nyuma."

Ijumaa kamati ilikuwa watu saba kwenye mabenchi ya maseremala. Mzee Shabani katikati. Nikaweka sahani tatu mezani, vifuniko vimefungwa, nikazigeuza ili plasta zionekane. Nilikuwa nimetayarisha utani wa aina tatu wa kufungulia. Ulikimbia wote.

"Hii ni ya Mzee Shabani," nikasema. "Hii ni yangu."

Mama mmoja wa kamati akainuka kwenye benchi, akasogea, akasoma jina, akatazama bustani, akasoma jina tena.

"Omoding ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe ndiye uliyemwambia mwenyekiti mikono yako ni safi?"

"Ni mimi, mama."

Mmoja wa wazee akaguna. "Basi tumalizie. Kama mwangalizi wa chumba mwenyewe yuko hivi..."

"Ngoja," Mzee Shabani akasema. Alikuwa ameinama juu ya sahani ya tatu. Ilikuwa na usiku mmoja tu kwenye joto, na bado ilikuwa imeota kuliko yangu. Ilikuwa na rangi ambazo sina majina yake. "Hii ya tatu ni ya nani?"

Nikaitoa hankachifu nikaiweka kando yake. Nikaeleza: nilinawa, kisha nikajifuta kwa hii, mzee alinawa, kisha akaiacha mikono ikauke kwa hewa. Vijidudu nilivitoa mkononi, kisha nikavipaka upya. Na kwa miaka miwili nimewafundisha wanafunzi wote wa chumba hiki kunawa, kisha kujifuta kwa vitambaa vya mifukoni, na ni spiriti tu iliyokuwa ikituokoa.

"Tangu leo hatufuti mikono," nikamaliza. "Tunaipepea ikauke. Tumejifunza kwa mzee."

Yule mama aliishika pembe ya hankachifu kwa kucha mbili. "Na ndizo sisi tunazowafutia watoto pua," akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga kuchoma nusu ya nguo za nyumbani.

Mzee Shabani hakucheka mara moja. Alizitazama sahani, moja, mbili, tatu, kama anavyotazama mikate ikitoka kwenye tanuri.

"Kijana, hizi mbili zilikaa humu siku nne. Nani alikuwa na ufunguo?"

"Ni mimi, mzee."

"Usiku pia?"

"Usiku pia."

"Na plasta hizi zinabanduka." Akaigusa ile kona yenye mkunjo. Alinitazama muda mrefu kiasi cha kuweza kukanda unga. Kisha akageukia wenzake. "Cherehani zinaweza kushona hukohuko ukumbini, tukiziba paa. Nitatoa mabati kumi mimi mwenyewe. Kazi hii haifanyiki ukumbini. Chumba kinachoweza kumuumbua mwenye ufunguo wake, mimi nakitaka kiwe karibu na hamira ya mikate yangu."

Walibishana kidogo, maana kamati isiyobishana hainywi chai, lakini ilikuwa imekwisha. Niligeuka nikamtafuta Madam Nafula. Alikuwa nyuma, amesimama chini ya Ziwa Viktoria langu, akipangusa meza ambayo ilikuwa imeshapanguswa.

Walipokuwa wakitoka nilijipanga mlangoni kama inavyopasa. Mzee Shabani alipofika nikainama, nikamnyooshea mkono, wote, vidole vitano, nimeushikilia na ule mwingine.

Akautazama. Akakunja ngumi yake, akaiinamisha, akanipa kifundo.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Nimeona unachofuga."

Nilikishika. Kamati yote ilicheka mpaka barabarani, na Barasa hajaacha mpaka leo.

Basi wewe unayekuja, hiyo ndiyo hankachifu. Imechemshwa kwenye sufuria ya mvuke dakika kumi na tano za saa, haiumi mtu, lakini usiitoe kwenye msumari. Ukisahau jambo lolote kati ya niliyoandika, itazame. Ufunguo nitakukabidhi mwenyewe Jumatatu baada ya gwaride, mbele ya Madam. Nitakuwa nimeuosha. Utakuwa na maji bado.

Usiufute.